Risasi Hamsini za Baba Mkwe

Jumapili, 6 Oktoba

Leo baba mkwe ametangaza. Mezani, kabla ya pai, mbele ya mabinti zake wote wawili.

Mzee Reinhold ana miaka themanini na sita. Mikono inatetemeka, hata uma unamshinda. Kasema mashindano ya Jumamosi hii kilabuni ndiyo yake ya mwisho. Kasema atapiga akiegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, hilo bado analiweza, lakini kujaza risasi zake mwenyewe, kutia baruti mpya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, basi tena. Kwa hiyo mmoja wa wakwe zake atamjazia hamsini. Na huyo atakayejaza ndiye atakayerithi meza yake ya kujazia, iliyo katika chumba cha chini ya nyumba, pamoja na mashine ya chuma ya kushindilia, ile ya kijani, aliyoinunua aliporudi kutoka vita vya Korea.

Marlys mke wangu aliacha kahawa imwagike kwenye kisahani.

Si jambo dogo. Huku kwetu utamwazima jirani lori, msumeno, hata kitanda. Risasi ulizojaza mwenyewe humpi mtu, na ukimpa hazipokei. Baruti ikizidi, bastola inapasuka. Isipokuwepo kabisa, fataki ya kitako inausukuma ule ubuyu, yaani kichwa cha risasi kinachoruka, hadi katikati ya mtutu, unakwama humo, na ukipiga ya pili nyuma yake, umeuaga mkono. Kupokea risasi za mtu ni kumkabidhi vidole vyako. Mzee hajawahi kupokea za mtu yeyote, katika maisha yake yote.

Washindani ni wawili tu. Mimi, Elroy Tesch, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mume wa binti mkubwa. Na Delmar, mwanyumba wangu, muuza matrekta, mume wa Joyleen. Delmar alitabasamu kwa meno yote. Nami nilitabasamu, kwa yale yaliyobaki.

Naitaka ile meza. Miaka thelathini na nne nimo katika ukoo huu, na mzee bado ananiita "yule wa Marlys".

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepiga hatua ya kwanza. Nimempelekea mzee soseji za paa na habari.

Soseji kwanza. Halafu, kwa bahati mbaya kabisa, ulimi ukateleza. Nikasema namwonea Delmar wivu kwa ile mashine yake mpya, maana unavuta mkono mara moja na risasi inadondoka, unavuta tena inadondoka, kama mtu anayepukuchua mahindi. Nikasema eti siku hizi anajaza huku akizungumza na wateja kwenye simu. Hili la mwisho sikuliona kwa macho, lakini namjua.

Mzee aliacha kutafuna. Akauliza, "Sasa kwenye ganda anachungulia saa ngapi?"

Nikasema hilo nami limekuwa likinisumbua.

Akasukuma sahani kando. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Mwishowe akasema basi jaza wewe. Lakini nichungulie kila ganda kwa taa kabla sijaliziba, nione baruti imo. Kila moja. Nikaapa. Akanipa mkono wake, na ulitetemeka ndani ya wangu kama kifaranga. Nikiri kwamba nilisikia kitu kooni. Nadhani ni soseji.

Ushindi!

Jumanne, 8 Oktoba

Siku nzima ya kusafisha maganda. Yangu ni ya kuokota kiwanjani, ya viwanda vyote duniani, mengine manene, mengine membamba. Mzee hupanga yake kwa ukoo, kiwanda kwa kiwanda. Sioni sababu. Ganda ni ganda.

Marlys aliuliza foronya yake ya harusi imefikaje kwenye pipa la kusugulia maganda. Nikamwambia inachuja vumbi vizuri. Akasema na mimi nitalala vizuri, kwenye kochi.

Delmar kapiga simu. Eti hongera mwanyumba. Eti amesikia nimepewa kazi, na kwa kuwa ni mzee wa wote angependa kunipa maganda yake hamsini, mapya, ya kiwanda kimoja, bure. Sauti tamu kama asali ya dukani. Nilimwambia ahsante sana, maganda yangu yametoka shule mbalimbali lakini yana akili moja. Akacheka. Alicheka mno kwa mzaha wa kiwango kile. Ana jambo.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku yenyewe. Nilioga. Nilivaa shati safi. Nilishuka chini ya nyumba na kufunga mlango, nikapanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu hamsini, midomo juu. Nikapima baruti, nikajaza moja moja kwa kipimo changu cha siri (kimo kwenye kitabu, lakini mtu asiyejua ukurasa atahangaika).

Nilipomaliza kumimina nikanyoosha mkono kuchukua taa nichungulie. Ndipo nikasikia miguu kwenye ngazi.

Delmar! Ndani ya nyumba yangu! Ana pai ya malenge mkononi, eti ya Joyleen. Hodi yenyewe aliipiga alipokuwa ameshaingia.

Sikukubali aone maganda yangu ya ukoo mchanganyiko. Nikakifunika kibao kwa taulo na kukisukumia chini ya meza kwa goti. Delmar akauliza ninaficha nini. Nikasema keki. Akasema, "Mwanyumba, keki inanuka baruti?" Akakaa kwenye kiti changu. Akataja bei ya matrekta, akataja mgongo wake, akagusa mizani yangu kwa kidole. Alipoondoka pai ilikuwa imepungua robo na ni yeye aliyeila.

Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Nilikitoa kibao nikaanza kuziba, ubuyu juu ya ganda, vuta mkono, ubuyu juu ya ganda, vuta mkono, na kila nikivuta nilikuwa namjibu Delmar kichwani, majibu makali sana ambayo hayakunijia alipokuwepo. Kufumba na kufumbua, hamsini tayari. Zimetulia kwenye boksi kama mayai. Juu nikaandika kwa wino mwekundu: BABA, JUMAMOSI.

Baada ya chakula nilishuka kufagia. Nikakung'uta taulo. Ikamwagika baruti.

Si nyingi. Ingetosha kujaza ganda moja.

Taa ilikuwa mahali pake, pale pale nilipokuwa nimenyoosha mkono. Sikuigusa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sijalala. Ninaandika wazi: ninaogopa.

Huenda moja ni tupu. Huenda tatu zina nusu. Mzee ni kiziwi kama gogo, na kiwanjani kila mtu ameziba masikio. Risasi tupu hulia kidogo tu, pu, kama kizibo cha chupa. Hataisikia. Atavuta tena.

Asubuhi nilipata suluhisho. Mizani! Risasi isiyo na baruti ni nyepesi. Nikazipima zote hamsini. Hakuna mbili zilizolingana! Ganda nene na ganda jembamba yanapishana kuliko uzito wa baruti yenyewe. Nyepesi kuliko zote huenda imejaa, na nzito kuliko zote huenda ni tupu. Nilizitikisa moja moja sikioni. Zote kimya, lakini masikio yangu niliyaacha kiwandani miaka mingi iliyopita.

Ziko njia za kuzifungua. Nyundo ya kung'olea: unaibana risasi ndani ya kichwa cha nyundo, unagonga sakafuni, inaachia. Kazi ya saa moja. Lakini katika ukoo huu nyundo hiyo ni moja tu, na ni ya Delmar. Na kila mtu anajua maana ya kuazima nyundo siku mbili kabla ya mashindano. Ni afadhali mtu atembee kilabuni na kengele shingoni. Duka la hapa mjini wanazo, lakini muuzaji ni Lavonne, dada yake Delmar, na Lavonne ukimnunulia kiberiti jirani zako wanajua unachotaka kuchoma.

Kumwambia mzee? Nilishika simu. Nikaiweka. Nikaishika tena. Akapokea. Nikamuuliza hali ya hewa ya Jumamosi, mara tatu, kwa kelele. Akasema baridi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Akili imerudi! Nimeendesha gari hadi duka kubwa la barabara kuu, mwendo wa saa nzima, ambako hakuna anayenijua. Nyundo hawana. Mama wa pale kaunta alinionyesha ya kupondea nyama. Lakini risasi za kiwandani wanazo, rafu nzima, karibu na chambo cha samaki. Nikanunua hamsini. Salama, zimepimwa na watu wenye mashahada.

Tatizo ni kwamba zinang'aa. Mtoto angezijua. Mzee akiona nimemletea risasi za dukani, ataona nimemletea maua ya plastiki kwenye mazishi. Kwa hiyo nikakaa jikoni kuzizeesha. Nikazisugua kwa machicha ya kahawa, nikazitia mfukoni pamoja na funguo, nikaruka ruka.

Marlys aliingia nikiwa katika kuruka. Akauliza, "Kwani risasi siku hizi zinakunywa kahawa?" Nikamwambia naziondolea kiburi. Akanitazama jinsi anavyotazama maziwa yaliyokaa. Halafu akasema tu kwamba baba yake ana furaha wiki hii, asiharibiwe. Hakuuliza zaidi. Ningependa angeuliza.

Boksi lenyewe la wino mwekundu nimelizika ndani ya friji ya nyama, chini ya nyama ya paa ya mwaka jana. Nitalishughulikia baadaye.

Jioni tukaenda wote kula samaki wa Ijumaa. Delmar akalipa, kwa makusudi, akiangalia nani anaona. Mzee hakula sana. Akaniinamia sikioni, akadhani ananong'ona, ukumbi mzima ukasikia. Kasema tangu mikono ianze kutetemeka alikuwa halali, akiwaza siku ya mwisho atapiga nini. Kasema wiki hii amelala kama mtoto. Kisha akanipiga piga begani na kuniita Elroy.

Elroy! Miaka thelathini na nne!

Sikuweza kumeza samaki. Niliona aibu, aibu ya kweli, hata kachumbari ya kabichi iliniona. Nikajiambia risasi za dukani haziui mtu. Ni kweli, haziui.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nitaandika kama yalivyotokea.

Umande ulikuwa umeganda nyasini. Watu wote wapo, na makoti ya rangi ya machungwa, na kahawa. Nikampa mzee boksi langu la risasi zenye kahawa. Akalipokea kwa mikono miwili, akalishika kifuani. Nikaondoka haraka kwenda kusimama nyuma ya uzio na wengine.

Marlys alichelewa. Alikuwa akipika maharage na nyama kwa ajili ya chakula cha kilabu, na nyama, bila shaka, aliitoa kwenye friji. Alipita kando yangu akihema na sufuria, akasema kwa furaha, "We mwanamume, utasahau kichwa chako! Umeacha risasi za baba kwenye friji! Nimeshampelekea."

Nilimwona mzee mezani kwake. Maboksi mawili mbele yake. Moja halina jina. Jingine lina wino mwekundu, jina lake na siku yake. Angechagua lipi? Alikuwa ameshafungua silinda. Ile mikono ilitetemeka, moja ikaanguka, akaiokota, akaifuta kwenye koti, akaitia. Tano. Akafunga. Akaziba masikio. Akauweka mkono juu ya mfuko wa mchanga, na mkono ukatulia.

Msimamizi akasema tayari.

Nilitaka kufikiri. Mimi ni mtu wa kufikiri kwanza. Delmar alikuwa ubavuni kwangu, na Lavonne, na kilabu kizima, na nilijua neno lolote nitakalosema nitalisikia hadi kaburini. Yote hayo niliyaona. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Acheni! Acheni kupiga! Baba, acha!"

Hapa kwetu neno hilo mtu yeyote akilisema, hata mtoto, hakuna wa kubishana. Bastola zote zikawekwa chini. Bendera nyekundu ikapanda. Mzee hakusikia, lakini aliiona bendera, akaondoa kidole, akaiweka bastola mezani, akageuka kutafuta nani.

Nikaenda mbele. Nikamwambia risasi hizo huenda moja ni tupu. Hakusikia. Nikamwambia kwa sauti kubwa. Hakusikia. Ikabidi nipige kelele, kilabu kizima kinasikiliza, kwamba sikuchungulia! Sikuchungulia kwenye maganda! Na zile nyingine ni za dukani, nimezipaka kahawa!

Alisikia.

Akafungua silinda, akazitoa zile tano moja moja, akazipanga ndani ya leso kwa mpangilio wake. Delmar akaja mbio na boksi lake, eti mzee apige zake, ni safi, za kiwanda kimoja. Mzee akatikisa kichwa. Akaitia bastola kwenye mkoba wake, akafunga zipu, ikamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Marlys akamwendesha nyumbani.

Mashindano yake ya mwisho, na hakupiga hata moja. Niliingia ndani ya lori nikalia. Kisha Delmar akagonga kioo na kuuliza, "Mwanyumba, kahawa ilikuwa na sukari?"

Jumapili, 13 Oktoba

Mzee kaniita baada ya kanisa. Kwake, chini ya nyumba, kwenye meza. Niliketi kwenye ngazi kama mshtakiwa. Delmar naye alikuwepo, kwa kuwa nyundo ni yake.

Mzee kasema tuzifungue zile tano zilizokuwa ndani ya bastola, kwa mpangilio ule ule ambao zingepigwa. Delmar akabana ya kwanza, akagonga. Baruti kwenye kisahani. Ya pili, akagonga. Baruti. Delmar akaanza kunikonyeza.

Ya tatu akagonga. Ubuyu ukatoka. Kisahani kikavu.

Akalipindua ganda. Akaligonga gonga kwa kidole. Hakuna. Ile ya nne ilikuwa pale mezani inangoja, imejaa, nzuri, na ndiyo ingekuja nyuma yake. Delmar hakukonyeza tena. Mzee aliuangalia mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

Nikasema nisamehe baba. Sina hakika kama nilitoa sauti.

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nina majibu matatu. Kasema polepole kwamba mjinga ni yule asiyechungulia, na mimi ni mjinga. Lakini kasema jana aliiona sura yangu nikija mbele, na mtu aliyeogopa kiasi kile kwa ajili ya vidole vya mwenzake hajawahi kumwona tangu Korea. "Delmar hajui kuogopa," akasema, na Delmar amesimama pale pale. "Fundi asiyeogopa simwachii meza yangu. Wewe unajua kuogopa. Ulichelewa tu."

Kisha akasema kuna mashindano ya masika. Mungu akimwacha hai, atapiga hayo. Nije Jumatano, nianze upya, yeye atakaa kando yangu.

Nilimbusu mkono. Ulitetemeka. Vidole vyote vitano.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeyatafakari maneno ya mzee usiku kucha, na sasa nimeyaelewa. Meza itakwenda kwa anayeogopa!

Laiti ningejua mapema. Wiki nzima nimejitesa na mizani, na funguo, na kahawa, kumbe kilichotakiwa ni sura tu. Na Delmar si mpumbavu, alikuwepo, alisikia yote. Marlys kasema Joyleen kamwambia kwamba leo asubuhi Delmar alishtuka mlango ulipofungwa. Ameanza! Lakini mtu wa matrekta ataniweza wapi kwa woga?

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Macho makubwa, midomo mikavu, jasho (maji, kwa sasa). Mara ya kwanza nilifanana na mtu mwenye kichomi. Mara ya tano Marlys alifungua mlango akauliza kama amwite daktari. Inafaa sana.

Tatizo ni moja. Nikiinama kuchungulia kwenye maganda, taa mkononi, moja baada ya moja, sura yangu itakuwa imeelekea chini, na mzee hataiona. Macho yake ni mabovu. Woga wote utapotea bure. Kwa hiyo nimeamua. Jumatano nitamwaga baruti haraka, nitaziba haraka, na muda wote uso wangu nitauelekeza kwa mzee, aone jinsi ninavyoogopa.